Pengo la Ua wa Ruoth Abidha

Mtu akikuambia alikamatwa na kikosi cha polisi wenye bunduki, unaweza hata kumheshimu kidogo. Wanyonyi hakuwa na bahati hiyo. Yeye alikamatwa na sufuria ya uji.

Aliingia kwa Ruoth Abidha alfajiri, panga mkononi, akiwa ametumwa kazi moja tu: amuue yule mzee, kisha apotee kabla soko la Pap Onditi halijachangamka. Nyuma ya boma alikata minyaa ya ua mpaka likapatikana pengo la kupitisha mtu. Utomvu wa minyaa ukamrukia jichoni, na wewe kama umewahi kuguswa na utomvu ule unajua, jicho linawaka mpaka unamkumbuka mama yako. Kwa jicho moja lililobaki akachagua mlango. Sasa, mtu wa Bungoma atajuaje boma la Mjaluo limepangwa vipi? Aliona nyumba kubwa inayotazamana na lango akasema moyoni, mwenye mji hawezi kulala pengine. Kumbe nyumba ile ni ya mke mkubwa, na mzee ana kijumba chake pembeni. Wanyonyi akasukuma mlango wa jikoni, akakutana uso kwa uso na mke huyo mkubwa, Mama Sydney, akikoroga uji wa mtama.

Mama hakupiga mayowe. Aliyepiga mayowe ni Wanyonyi, maana uji wote ulimmwagikia kifuani, na kabla hajajua kaskazini ni wapi, mwiko ukamshukia utosini. Wachungaji wakaja na kamba za ng'ombe wakamfunga. Kulipopambazuka, nusu ya soko ilikuwa imejaa pale uwanjani. Mtu akaita tairi iletwe, mwingine akaulizia kiberiti.

Hapo ndipo Ruoth alipotoka, amevaa fulana na ndara za mpira, mzee mrefu mwembamba mwenye kikohozi. Ruoth ni mfalme kwa Kijaluo. Msicheke. Serikali haimjui huyu kama mfalme, hana askari wala kasri. Ana sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kigoda cha babu yake na usinga wa mkia wa ng'ombe. Lakini kesi za mipaka, za mahari na za ng'ombe waliokula mahindi ya watu, Nyakach yote ile ya chini hupeleka kwake, na akisema neno, limesemwa.

"Aliingilia wapi?" akauliza.

Wakamwonyesha pengo.

Mzee akaliangalia kwa muda. Kwao, mtu wa nyumbani akifa kifo kibaya huko mbali, maiti yake haipitishwi langoni. Ua hutobolewa, ikapitishwa hapo. Kila aliyekuwa uwanjani alilijua hilo, isipokuwa yule aliyefungwa kamba.

"Basi huyu amejiingiza mwenyewe kwa njia ya maiti," akasema Ruoth. "Mnataka kuua mtu aliyekufa? Fungueni kamba."

"Ruoth, tumpeleke polisi basi!" mmoja akasema kwa hasira.

"Polisi watamtoa jina la aliyemtuma kwa kipigo. Jina la kipigo silitaki." Kisha akainama mbele ya Wanyonyi. "Sikia, kijana. Utakaa hapa. Kitambulisho chako na simu yako nitaweka mimi. Pale ulipoingilia ndipo utakapopita, ukienda kuteka maji, ukienda malishoni, kokote. Langoni usipite. Na siku jina la aliyekutuma litakapotajwa ndani ya sebule yangu, lango hilo ni lako, uende unakotaka."

Wanyonyi akatoa kitambulisho na simu, akamkabidhi.

Tusimpake mafuta. Kabla ya hapo alikuwa mchinjaji Kisumu, halafu kijana wa kukodishwa wakati wa kura: kuvuruga mikutano, kuchoma vibanda, kuvunja watu mikono. Kuua alikuwa hajaua. Lakini si kwamba alikosa nia; alikosa nafasi, na kilichomnyima nafasi ni uji. Aliyemtuma alikuwa jamaa mmoja mtanashati, alizungumza naye ndani ya gari kubwa pale mjini, viyoyozi vikipuliza, asimtajie jina. "Mzee fulani anazuia maendeleo," ndivyo alivyosema. Wanyonyi akamwona mtu mwenye adabu.

Jumapili ya kwanza akiwa mateka, gari lile lile likaingia langoni.

Akashuka yule yule mtanashati. Mama Sydney akatoka mbio jikoni akifuta mikono kwenye leso, uso wote ni kicheko, akamkumbatia. "Sydney! Mwanangu! Umesikia balaa lililotaka kutupata?"

Wanyonyi alikuwa anachanja kuni. Shoka likamponyoka, likakosa mguu wake kidogo tu. Sydney alimtazama mara moja, akageuza macho, akasema kwa sauti ya kuumwa, "Mungu mkubwa, Mama."

Kwa hiyo ndiyo hali ilivyokuwa, na uielewe vizuri. Jina lilikuwa kinywani mwa Wanyonyi. Angelitema, angekuwa huru jioni ile ile. Lakini angelitemea wapi? Mbele ya mzee aliyemwokoa na tairi, kwamba mwanao wa kwanza ndiye aliyetaka ufe. Mbele ya yule mama. Akajaribu usiku ule kulipanga neno, likakataa kupangika. Akasema, nitangoja kidogo. Kungoja kwake kukawa maisha.

*

Maisha ya kwa mfalme yana kanuni, na Wanyonyi alizijua kwa kuzikosea. Alimpa mgeni maji ya kunawa kabla ya mzee wa ukoo, akaambiwa ametukana ukoo mzima. Alikalia kigoda ili afunge kamba ya kiatu. Mama Sydney alipiga ukelele hata kuku wakatawanyika. Alijifunza kwamba mwenye kesi hasemi akiwa amesimama, kwamba Ruoth akishika usinga kwa mkono wa kushoto hasira imemshika na afadhali ulete chai, na kwamba anayelia sana sebuleni mara nyingi ndiye aliyesogeza mpaka.

Baada ya muda chai ikawa kazi yake. Halafu kubeba kigoda. Halafu kuita kesi: "Wa shamba la mto, ingieni!" kwa Kijaluo chake kibovu kilichowafanya wazee wacheke mpaka wanakohoa. Mfanyabiashara mmoja wa viatu hapo Pap Onditi, Kangethe, aliyekuwa na kesi ya kibanda isiyokwisha, alikuwa akimtania kila akija: "Wewe ndiye Waziri Mkuu wa serikali hii ama ni mfungwa? Mbona sote wawili ni wageni hapa na bado naona una cheo kunishinda?"

"Mimi ni maiti, Kangethe," Wanyonyi alimjibu. "Ulizia vizuri."

Wakacheka. Lakini neno hilo lilimuuma jioni alipokuwa anajipenyeza kwenye pengo na ndoo ya maji kichwani, vijiti vikimkwaruza mabega, huku hata mbuzi wanapita langoni.

Pengo lenyewe lilikuwa kero. Ng'ombe walitoka hapo, mbwa wa watu waliingia hapo. Mvua ilipoanza, Wanyonyi alikata matawi ya minyaa akaenda kwa Ruoth. "Jaduong', mzee wetu, niruhusu nizibe pale. Nitaacha upenyo mdogo wa kunipitisha mimi."

"Wacha," mzee akasema.

"Lakini mwizi ataingia."

"Mwizi aliingia na akageuka kuwa mpika chai. Wacha, Wanyonyi. Pengo hilo halijamaliza kazi yake."

Jambo lililomtesa kuliko pengo lilikuwa chakula. Pale kwa Ruoth wanaume hula sebuleni, chombo kimoja, mikono imekutana. Wanyonyi aliandaa, akanawisha watu, kisha akaenda kula peke yake nyuma ya ghala, kwenye sahani ya bati iliyotiwa alama ya rangi ili isichanganyike na nyingine. Mama Sydney ndiye aliyeitia rangi. Hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "yule wa uani". Siku moja Wanyonyi alimuuliza kama ni kwa sababu ni Mbukusu.

"Ubukusu una ubaya gani?" mama akamaka. "Ni damu. Watu wakiwa na damu katikati yao hawatii mikono chombo kimoja. Wakila, chira inawashika. Mwili unakauka tu, hivi hivi, hospitali haioni kitu, mpaka kaburini. Mpaka dawa ya ukoo inywewe kwanza, na wewe nani atakunywesha? Ulikuja kuua mume wangu."

"Na unaamini hivyo, Mama? Na kanisa?"

"Kanisa ni la Jumapili. Chira ni ya kila siku." Akachochea moto. Kisha, kama anayesema na nafsi yake, akaongeza: "Hata Sydney ameacha kula na babake siku hizi. Tangu mdogo, kichwa cha samaki walikuwa wanagawana wawili, wakigombania macho. Sasa ati ana vidonda vya tumbo. Nampikia, ananiambia nimfungie aende nayo kwake Milimani."

Wanyonyi alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini polepole.

Vidonda vya tumbo! Hebu mwone msomi huyo. Mtu ana shahada mbili, ana ofisi mjini, anaweza kumkodisha muuaji wa babake bila jasho kumtoka, lakini kutia mkono sahani moja naye anaogopa. Alikuwa radhi mzee afe, hakuwa radhi yeye akauke.

Jumapili iliyofuata Wanyonyi alinawisha watu mikono huku macho yake yakiwa wazi. Sydney alikuja, akazungumza habari za shamba la ufukweni, lile la ukoo, ambalo wenye hoteli walikuwa wakilitaka na Ruoth pekee ndiye aliyelikatalia. Mzee alimsikiliza. Sangara akaletwa. Ruoth akakimega kichwa, akakisukuma taratibu hadi upande wa sahani alioketi mwanawe, akangoja.

"Tumbo, Baba. Unajua tumbo langu."

"Najua," mzee akasema. Akaendelea kula. Lakini kile kichwa hakukigusa, na hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Kilirudi jikoni kizima.

Wanyonyi ndiye aliyeibeba sahani ile. Mzee anajua! Anajua tangu zamani, na kila Jumapili anamsogezea mwanawe kile kichwa, na kila Jumapili kinarudi. Siku hiyo Wanyonyi alienda nyuma ya ghala akalia, mtu mzima na ndevu zake, na hata sisi tunaosimulia hatuwezi kumcheka.

Jioni alimfuata Ruoth kwenye kijumba chake. "Jaduong', kuna jambo nataka kusema. Jina."

Mzee akainua usinga, kwa mkono wa kulia. "Ukilisema wewe, nitabaki na jina tu. Mimi nataka mtu." Akakohoa kwa muda. "Nenda ulale."

*

Mvua za pili zilipokwisha, kikohozi cha Ruoth kilizidi. Asali na tangawizi vikawa vinatiwa kwenye chai yake, na chai hiyo hakuna aliyeigusa ila Wanyonyi. Sydney aliliona hilo. Jumapili moja akamwita nje, kwenye gari, kana kwamba anataka lisafishwe.

"Umekonda," akamwambia.

"Nimezoea."

"Sikiza. Mzee ni mgonjwa, kila mtu anajua. Hakuna atakayeuliza." Akamtia mkononi chupa ndogo ya kahawia. Wanyonyi hakuhitaji kusoma. Chupa ya dawa ya kupe anaijua kila mtu aliyewahi kuogesha ng'ombe. "Kidogo kidogo kwenye hiyo tangawizi. Wiki ijayo nikija nikute ameanza kulala kitandani. Nitakutoa hapa, nikupeleke hadi kwa mama yako Bungoma. Ama nimwambie mama yangu kwamba wazo hili ni lako? Wataamini nani, mimi ama wewe?"

Swali lilikuwa na jibu, na jibu lilimtisha.

Wiki ile Wanyonyi hakulala vizuri. Aliificha chupa chini ya ghala, akaitoa, akaificha pengine. Alimfikiria mama yake kule kijijini Nabututu, aliyekuwa akidhani mwanawe anafanya kazi ya maana huko Kisumu. Alifikiria pengo lililo wazi na barabara iliyo ng'ambo yake: angeweza kutoka wakati wowote, angeweza tangu zamani, na asubuhi moja alifika hadi barabarani kabisa, akasimama hapo na nguo alizovaa. Kisha akakumbuka maji ya chai ameyaacha motoni. Akarudi.

Jumapili ikafika. Sydney akaingia, akamtazama babake akiwa ameketi wima kwenye kigoda, akamtazama Wanyonyi kwa jicho la ukali. Wanyonyi akaleta maji. Akamnawisha Ruoth, akamnawisha Sydney. Akaenda jikoni, akarudi na sinia. Ndani yake mlikuwa na ugali mmoja, samaki mmoja, na katikati yao ile chupa ya kahawia, kizibo chake bado kimefungwa kama ilivyotoka dukani.

Akaweka sinia mezani. "Mzigo wa mgeni," akasema. "Sikuufungua." Akarudi nyuma, akasimama ukutani kama afanyavyo mtu wa nyumba ile.

Mama Sydney alikuwa mlangoni na bakuli la mboga. "Dawa ya kupe inatafuta nini kwenye chakula?"

Ruoth akaiondoa ile chupa kwa vidole viwili, akaiweka chini sakafuni. Akamega ugali, akala. Kisha, taratibu vile vile, akakimega kichwa cha samaki na kukisogeza.

"Kula, Sydney."

"Baba, tumbo..."

"Kula, mwanangu. Kama hakuna kitu kati yetu, kula."

Sydney akanyoosha mkono. Ukafika kwenye ukingo wa sahani ukagoma. Saa yake ya mkononi ikawa inagonga chuma cha sinia, ti-ti-ti, mpaka akaushika kwa mkono wa pili.

"Siwezi," akasema. "Baba, siwezi. Ni mimi niliyemtuma. Ni mimi, Sydney."

Bakuli la mboga likaanguka mlangoni.

Jamani, kuna vilio na vilio. Mama yule hakulia kwa mdomo. Aliketi pale pale kizingitini, kwenye mboga zilizomwagika, akaanza kuziokota jani moja moja na kuzirudisha bakulini.

Ruoth alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta. "Nimengoja maneno hayo mpaka kifua kimeisha," akasema. "Sasa toka. Pita langoni, uzunguke nyuma, uingie pale alipoingilia mtu wako. Mauti uliyoyaleta kwangu yalipita pale, njoo nayo mwenyewe. Kesho nitaita wazee wachemshe dawa, tunywe, wewe na mimi. Halafu tutaona kama tumbo litapona."

Sydney akavua viatu vyake vya gharama, akatoka. Kutoka dirishani walimwona akizunguka ua, kisha akijipenyeza kwenye pengo, shati jeupe likikwama kwenye vijiti na kuchanika begani. Alipotokea upande wa ndani alipiga magoti, akabaki hapo.

Mzee akatoa kitambulisho na simu kutoka kwenye kikasha chake. "Wanyonyi. Jina limetajwa sebuleni. Lango ni lako."

*

Asubuhi yake wazee wakafika na chungu, na dawa ikanywewa, baba na mwana, na Wanyonyi pia akaitwa akanywa. Ilikuwa chungu kweli kweli. Kisha akachukua mfuko wake mdogo. Hakuna aliyemsindikiza. Akapita langoni, kwa mara ya kwanza. Ajabu ni kwamba lango lenyewe lilikuwa jepesi, la mabati, ukilisukuma linalia.

Alitembea mpaka sokoni. Kangethe alikuwa anapanga viatu. "Waziri Mkuu! Umejiuzulu?"

"Nimefukuzwa kwa heshima," Wanyonyi akasema, akajaribu kucheka. Akampigia simu mama yake, akamwambia atakuja mwezi ujao, kumsalimu. Baada ya hapo alisimama tu, watu wakimpita, na akagundua kitu kilichomsikitisha: katika maisha yake yote, nyumba za watu alizoingia alizivunja, au alisukumwa ndani. Hakuna hata moja aliyosimama nje akaomba.

Akageuka.

Alipofika langoni kwa Ruoth, Sydney alikuwa nyuma ya boma, hana viatu, anapanda minyaa kwenye pengo. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Wanyonyi alisimama nje ya lango, akasafisha koo, na moyo ukamdunda kuliko alfajiri ile aliyokuja na panga.

"Hodi," akasema.

Mwiko ulisikika ukikoroga, kisha ukanyamaza.

"Nani huyo?"

"Ni Wanyonyi, Mama."

Mama Sydney akatokea mlangoni. Macho yalikuwa yamemvimba. Alimwangalia kwa muda mrefu kule langoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

"Na ukanyamaza. Ungekuwa umeenda zako."

"Ni mwanao, Mama."

Akaufuta uso wake kwa leso. Wanyonyi akangoja, mkono kwenye mabati ya lango, akiwa tayari kuambiwa aende, na akijua kwamba akiambiwa, ataenda.

"Karibu, Wanyonyi," mama akasema. "Nawa mikono. Wanakungoja sebuleni, na ile sahani yako ya rangi nimeshampa kuku."